Ukingo wa Jicho Langu

Mtu akiniinua ukope wa jicho la kushoto na kutazama pale weusi unapopakana na weupe, ataona mahali padogo palipoingia ndani, kama ukingo wa kikombe uliomeguka. Hakuna anayenitazama karibu hivyo. Mimi mwenyewe nilipaona kwa kujiinua ukope mbele ya kioo. Hapo ndipo walipokata. Kipande chenyewe kilikuwa kidogo kuliko punje ya ufuta, na ndicho kilichopelekwa maabara kikakuzwa, kikaenea kikawa ngozi nyembamba isiyoonekana, kisha kikapandwa kwenye jicho la babangu.

Baba alikuwa fundi wa chokaa. Nyumba za Mji wa Kale ni za mawe ya matumbawe, nazo hazipatani na simiti. Ukizipiga simiti hutoa chumvi, zikavimba na kubambuka. Kwa hivyo mwenye nyumba anayejua humtafuta mtu wa chokaa, na watu wa chokaa wamebaki wachache. Baba alifundishwa na babake. Alikuwa akimaliza ukuta huupitishia kiganja kutoka juu hadi chini, halafu hurudi nyuma hatua kadhaa akautazama kwa upande, jicho moja amelifumba. Kiganja chaweza kudanganywa, alikuwa akisema, lakini kivuli hakidanganywi.

Mimi nilisoma mpaka darasa la nane nikashika sindano. Nashona kofia za mkono, zile za vitobo, ambazo mtu hukaa nazo miezi, kitobo baada ya kitobo, mpaka shingo iingie ganzi. Kazi hiyo hufanywa ndani, na hilo lilinifaa. Nikiwa mbele za watu sauti hunikauka. Katika siku nyingi jambo lililonitoa nje lilikuwa kumpelekea baba chakula cha mchana popote alipokuwa na kazi.

Siku ile kazi ilikuwa katika nyumba ya ghorofa kwenye kichochoro cha nyuma ya Ndia Kuu. Walikuwa wakizima chokaa. Kuzima chokaa ni kuitia maji: mabonge yaliyotoka tanuuni hutumbukizwa ndani ya pipa, na hapo maji huchemka yenyewe bila moto, yakafoka na kutoa mvuke. Kila fundi hujua kusimama mbali. Baba alijua kuwashinda wote. Lakini mti wa kukorogea ulikuwa umekwama, akainama kuuvuta, na pipa likamtemea usoni.

Nilikuwa mlangoni, chakula mkono mmoja, birika la maji ya kunawa mkono wa pili. Nilisogea na lile birika, na fundi mwenzake akanizuia kwa kifua.

"Usimtie maji! Wataka imchemke ndani ya macho?"

Na baba mwenyewe, amepiga magoti, mikono usoni, akasema kwa sauti ambayo sijawahi kumsikia nayo: "Maji la! Mafuta. Leteni mafuta ya nazi."

Ndivyo walivyofundishwa, na waliowafundisha walifundishwa vivyo hivyo. Kila siku waliona chokaa ikikutana na maji ikawa moto. Nani angewasha moto ndani ya jicho la mtu? Wakamtia mafuta, wakamfunga kitambaa safi, wakamwongoza kwa upole mpaka kwenye tuktuk, kila mmoja akiamini amefanya la sawa.

Hospitalini waliyafungua macho yake kwa nguvu wakayamwagia maji, chupa baada ya chupa, muda mrefu sana. Daktari alikuwa mwanamke wa makamo, mpole, asiyeinua sauti. Alipotoka alimuuliza yule fundi mwenzake, "Mlimtia nini kwanza?"

"Mafuta ya nazi, daktari."

"Mngemtia maji. Yoyote, hata ya mfereji. Mengi."

"Si yangechemka?"

"Ikishazimwa haichemki tena," daktari akasema. "Inaendelea kula tu. Maji ndiyo yangeiondoa. Mafuta yameifungia ndani."

Yule fundi, mtu mzima mwenye wajukuu, aliketi chini kwenye sakafu ya hospitali akaweka kofia yake magotini.

*

Baada ya hapo macho ya baba yalipona kwa namna yao. Maumivu yalipungua, lakini utando mwekundu wenye vishipa ulitambaa kutoka pembeni ukafunika macho yote mawili. Alibaki na mwanga na giza tu. Aliweza kujua kama dirisha li wazi. Hakuweza kujua nani amesimama mbele ya dirisha.

Tulidhani atawekewa jicho la maiti, kama tulivyosikia watu wengine huwekewa. Daktari akatueleza kwa nini haifai. Kioo cha mbele cha jicho, kile kinachoitwa konea, kina ngozi nyembamba juu yake, na ngozi hiyo huchakaa na kuzaliwa upya kila mara. Mbegu za kuizaa ziko ukingoni, pale weusi unapopakana na weupe. Chokaa ilikuwa imeunguza ukingo wote. Ukimwekea kioo kipya bila mbegu, alisema, kitang'aa kwa muda mfupi, kisha ule utando mwekundu utakifunika tena.

"Ni kama kupaka rangi ukuta wenye chumvi," baba akasema.

"Sijui kuta, mzee wangu, lakini nadhani ndiyo."

"Basi nipe dawa ya chumvi."

Hiyo dawa ndiyo maabara. Walikuwa na chumba hospitalini mle ambamo waliweza kuchukua kipande kidogo cha ukingo wa jicho zima, wakakilaza ndani ya kisahani, wakakilisha, mpaka chembe zake zikaongezeka na kuenea. Mtu akiwa na jicho moja zima hujitolea mwenyewe, na mwili wake humpokea bila ubishi. Baba hakuwa na jicho zima. Ilibidi apate kwa mtu wa damu yake, na hata hivyo daktari alituonya mapema: mwili hutambua mgeni. Angemeza vidonge vya kuutuliza, lakini hakuna aliyeweza kutuahidi.

Bibi, mamake baba, ndiye wa kwanza kujitolea.

"Nitoeni mimi. Nina haja gani nayo?"

Ami yangu, ndugu mdogo wa baba, akacheka. "Mama, wewe shimo la ufunguo unalitafuta kwa kidole. Utampa nini mwenzio?"

"Wewe je? Nimekusikia ukisema uko tayari?"

"Mimi nina sukari, daktari amenikataa," ami akasema, na ni kweli alikataliwa, ingawa alilitamka haraka kama mtu aliyetupa mzigo.

Nilipopimwa damu nikaonekana nakaribiana naye kuliko wengine. Mama hakufurahi. Alinivuta jikoni.

"Wewe hujaolewa. Jicho si kidole. Nao watu wataanza: binti fulani ana kasoro."

"Watakata kidogo tu, mama. Daktari asema litapona."

"Daktari alisema hata la babako lingekuwa sawa wakiwahi maji." Kisha akaacha kukanda unga. "Na kofia zako?"

Nilimwambia nitashona kwa jicho la kulia. Alinitazama kwa muda akarudi kwenye unga wake. Baba alipoambiwa ni mimi, alikataa. Alikataa mara ya pili. Mara ya tatu hakukataa wala hakukubali. Alisema tu, "Muulizeni maalim." Maalim wa msikiti wetu akasema hapana ubaya, almuradi mtoaji hadhuriki. Basi hilo likawa jibu la baba pia.

*

Kukatwa hakukuniuma. Ganzi iliua kila kitu ila sauti ya chuma kidogo. Kwa siku kadhaa baadaye jicho lilihisi kama limeingia mchanga, likatiririka machozi mchana kutwa, halafu likaacha.

Nilikuwa nikirudi kukaguliwa, na siku moja nilimkuta nje ya maabara kijana anayezitunza zile chembe. Alikuwa amevaa kofia ya plastiki na kitambaa cha mdomo, macho yake tu yakionekana. Nilitaka kumuuliza swali nikashindwa, nikasimama pale nikishika pindo la buibui. Akajua.

"Wewe ndiye mwenye jicho?"

Nikaitikia kwa kichwa.

"Huruhusiwi kuingia. Lakini njoo utazame."

Alinisimamisha kwenye kidirisha cha mlango. Ndani kulikuwa na kabati dogo jeupe, akanieleza kuwa joto lake ni joto la mwili wa mtu, halipandi wala halishuki. Aliingia akatoa kisahani chenye maji mekundu hafifu, kama sharubati iliyotiwa maji mengi, akakiweka chini ya hadubini, na picha yake ikatokea kwenye kompyuta iliyoelekezwa kwangu. Nilidhani nitaona jicho dogo. Niliona mawe. Mawe mengi yaliyobanana, kila moja na umbo lake, bila nafasi kati yao, kama ukuta wa matumbawe kabla haujapigwa lipu.

Alipotoka nilipata sauti. "Zinalala?"

"Nani, chembe? Hapana, hazilali."

"Zinakula?"

"Kukushinda wewe. Kila nikija nazikuta zimemaliza."

Akaniambia zimelazwa juu ya utando unaomfunika mtoto tumboni, uliotolewa kwa mama waliojifungua hospitalini wakaridhia. Chembe hupenda kukua juu yake. Nilipowaeleza nyumbani, bibi alishika kifua.

"Kondo la nyuma huzikwa! Sisi lenu tulilizika uani."

"Si kondo, bibi, ni utando wake tu."

"Ni mamoja." Akafikiri. "Basi mwanangu sasa ana mama wa pili, naye hata hajamwamkia."

Baba akacheka. Nadhani ndiyo mara ya kwanza tangu ajali. Nilirudi kwenye kofia yangu nikiwa na furaha ambayo sikujua niiweke wapi. Mimi ambaye sikuweza kumuuliza muuza duka bei ya uzi bila kutetemeka, kulikuwa na sehemu yangu ng'ambo ya mji ndani ya kabati la joto, ikila, ikiongezeka, haina haya na mtu.

*

Walimtengeneza jicho la kulia kwanza. Walikwangua ule utando mwekundu, wakatandaza ile ngozi iliyokua, wakalifunga. Kitambaa kilipofunguliwa daktari aliweka mkono wangu mbele yake akamuuliza aona nini. Baba aliuinamia mpaka nikadhani haoni kitu.

"Ukucha," akasema. "Una hina iliyochujuka."

Mama alilia hapo hapo mbele ya wauguzi.

Hakuona vizuri. Aliona kama mtu anayetazama kupitia kioo chenye mvuke. Lakini aliona. Aliniambia nimekonda. Alisimama mbele ya nyumba moja karibu na Makadara, akatazama juu, akatukana simiti aliyoiona ukutani na mtu aliyeipiga na mwalimu wake. Vidonge vya kuutuliza mwili vilimtapisha na kumnyong'onyeza, naye alivimeza bila kulalamika. Mimi na mama tulimtia dawa za matone kwa zamu, saa zake tunazijua kama saa za sala.

Na alianza kutoka peke yake. Hilo alilitaka kuliko yote, na kulikuwa na sababu. Kwetu mwenye kupita ndiye humsalimia aliyekaa. Mtu akipita barazani wameketi watu asitoe salamu, huyo hana adabu, au ana neno moyoni. Baba alikuwa mkali katika hili. Wakati wa upofu wake tulimshika mkono, na wale waliokaa ndio waliomwanza yeye kwa huruma, naye alichukia. Alisema ni kama kusalimiwa ukiwa ndani ya jeneza.

Sasa akawa yeye wa kwanza tena. Baraza la ami liko njiani kutoka kwetu kwenda msikitini, na hapo hukaa ami na wazee wenzake wawili baada ya alasiri. Nilikuwa nikisikia kutoka dirishani.

"Asalaam aleikum!"

"Waaleikum salaam, fundi! Pole pole, hayo macho ni ya msichana. Ukiona mende utapiga kelele."

"Mende sijaona. Nimeona kofia yako tu, na macho haya yajua kofia. Uliyemlipa amekuibia."

Wakacheka wote. Nilijificha nyuma ya pazia ingawa hakuna aliyeniona, uso umeniwaka moto. Walikuwa wakinisema mimi. Sikuwahi kupenda kusemwa, lakini siku zile nilipenda.

Nilihesabu, moyoni mwangu, kuwa tukishamaliza la kulia watafanya la kushoto. Nilihesabu hata zaidi ya hapo. Nilimwona juu ya jukwaa la mbao, akirudi nyuma kuutazama ukuta kwa upande.

*

Sijui hasa ni lini ilianza kubadilika. Nikikumbuka sasa naona alama zote, zimepangwa, na sikuona hata moja. Alianza kusema atajitia matone mwenyewe, si mtoto. Alianza kukaa na mgongo wake dirishani. Niliona wekundu pembeni mwa jicho nikamuuliza, akasema ni vumbi. Siku ya kwenda kliniki mama alisema daktari amesafiri, nami nikaamini, kwani madaktari husafiri. Baba aliendelea kwenda msikitini peke yake, mkono wake ukigusa ukuta kidogo. Mkono wa mtu wa chokaa kugusa ukuta, nani atashangaa?

Na salamu ziliendelea. Kila alasiri niliisikia sauti yake na majibu yao. Kama kulikuwa na tofauti ni kwamba wazee wale walikuwa wakikohoa sana. Nilidhani ni kaskazi na vumbi lake.

Kisha siku moja nilitumwa dukani kununua chumvi, na baba alikuwa ametangulia njiani, hatua chache mbele yangu. Sikumwita. Si tabia yangu kuita mtu njiani, hata baba. Nilimfuata tu, nikitazama mgongo wa kanzu yake, nikiwa na ile fahari yangu ya siri kwamba anatembea.

Alifika kwenye baraza la ami. Halikuwa na mtu. Wazee walikuwa wamekwenda mazikoni Kikowani, ami mwenyewe alikuwa amepita kwetu asubuhi kutuambia, ila baba alikuwa bado amelala. Palikuwa na mkeka tu, umekunjwa.

Baba alipunguza mwendo. Alinyoosha mgongo, akageuza uso wake barabara kuelekea lile jiwe tupu, akatabasamu.

"Asalaam aleikum!"

Akangoja. Kichwa chake kiliinama upande mmoja kidogo. Tabasamu likabaki usoni baada ya wakati wake kupita. Vitoto viwili vilivyokuwa vikicheza gololi vilimtazama, vikatazama baraza, kimoja kikaanza kucheka kwa kiganja mdomoni.

"Haya," baba akasema kwa sauti ya chini, kama mtu aliyejibiwa, akaendelea na njia yake, mkono ukutani.

Ningeweza kumjibu. Hatua chache tu. Sauti haikutoka, na nadhani hata kama ingetoka isingekuwa na faida, kwa sababu angejua ni mimi, na mimi ndiye ambaye hakutaka ajue.

Nilirudi nyumbani bila chumvi. Mama alinitazama usoni akaweka mwiko chini.

"Mama, baba haoni."

Alitoa sufuria motoni kwanza. "Ndiyo."

"Wajua tangu lini?"

"Tangu kabla ya Ramadhani."

"Na bibi?"

"Na bibi. Na ami yako. Wote, mwanangu." Akafuta mikono kwenye leso, akaendelea kuifuta ilipokwisha kukauka. "Alituapisha. Alisema, huyu mtoto amekatwa jicho, aachwe afurahi kidogo."

"Na barazani?"

"Humkoholea akikaribia, apate kujua kama wapo."

Nilikaa chini. Mtaa mzima ulikuwa umekubaliana kukohoa kwa ajili yangu. Wazee wenye heshima zao, kila alasiri, ili mimi niliyekuwa nyuma ya pazia nisikie salamu ikitolewa na salamu ikirudishwa. Sijui kama kuna wema unaouma hivyo. Nilimeza vidonge gani mimi, hata nisihisi?

*

Nilikwenda kliniki pamoja naye. Mara hii nilimshika mkono na hakuuvuta. Daktari alimtazama kwa mwanga muda mrefu, akazima taa, akasogeza kiti chake. Alisema mwili umeikataa ile ngozi. Vishipa vimerudi, na zile chembe zilizopandwa hazipo tena, au zilizobaki hazitoshi kitu.

"Ni kwa sababu hakuja kliniki?" mama akauliza.

"Angekuja tungejaribu kuongeza dawa. Huenda ngozi ingedumu zaidi. Siwezi kusema ingebaki."

Nikasema kitu ambacho nilikuwa nimekikariri njia nzima, nikiogopa kitanikwama. "Nina jicho la pili."

Wote waligeuka. Daktari alinijibu mimi, si wao. Alisema kukata kunawezekana, lakini mwili uliokataa mara moja humkumbuka mgeni, na mara ya pili humfukuza mapema zaidi. Wangeweza kujaribu jicho la kushoto la baba kwa dawa kali zaidi. Hakushauri, ila hakufunga mlango. Alitupa siku ya kurudi, ili tupate kufikiri.

"Tutafikiri," mama akasema.

Baba alisema, "Ahsante, daktari," kwa adabu ile ile ambayo angemshukuru mtu aliyemletea maji.

Siku ya kurudi ilipokaribia nilimkuta chumbani, asubuhi, ameketi ukingoni mwa kitanda. Jua lilikuwa limejaa chumba kizima.

"Baba, kesho ni kliniki."

"Kesho siendi, mama." Huniita mama anapotaka jambo liishe.

"Daktari alisema—"

"Nilimsikia."

"Mimi niko tayari. Sikuumia. Halikuniuma hata kidogo."

"Wewe hukuumia." Alivuta pumzi. "Ulinipa kitu kizima kikafa mikononi mwangu. Sasa wataka nikipokee cha pili nikiue pia?"

"Hukukiua wewe!" Sauti yangu ilitoka kubwa. Nilisikia bibi akinyamaza huko uani. "Hukukiua. Ni mwili tu."

"Na mwili ni wa nani?"

Nilisimama pale nikitafuta neno, na maneno hunijia baadaye, yakiwa hayana kazi. Nilitaka kumwambia kwamba niliziona. Kwamba zilikuwa zimebanana kama mawe, hazilali, zinakula. Kwamba sijapata kuwa na kitu kizuri kuliko kile, na kama kingefia popote ningependa kiwe kimefia kwake. Nikasema tu, "Basi hutaona tena."

"Basi sitaona tena."

Kisha akainua viganja vyake viwili na kuanza kufikicha macho. Tangu siku ya upasuaji hakuwa ameyagusa. Tulimkataza, tulimlaza na ngao ya plastiki, mama alimshika mkono usingizini asije akajisahau. Sasa aliyafikicha kwa nguvu, kwa sehemu ya chini ya kiganja, kama mtu aliyeamka vibaya, polepole, kwa muda mrefu, na uso wake ulikuwa na raha.

Sikumzuia. Hakukuwa na kitu tena cha kulinda.

Alipomaliza aliuliza kama chai iko tayari. Nikaenda kutazama.